Clotilda Kokuhirwa, Aliyeuliza Kuhusu Mikono

Marehemu Clotilda Kokuhirwa alizaliwa Kaagya, Bukoba Vijijini, tarehe 3 Juni 1947, mtoto wa kwanza wa Mzee Mutembei na Mama Getruda. Alisoma hapo hapo Kaagya, kisha akasomea uuguzi na kuhitimu mwaka 1968.

Mwaka 1970 alifunga ndoa na Bwana Rugemalira, akahamia Rwamishenye, wakajaliwa watoto wawili. Mumewe alikwenda vitani Januari 1979, hakurudi. Kwa miezi mitatu Clotilda alimenya ndizi nyingi kuliko nyumba ilivyoweza kula, majirani wakashiba.

UKIMWI ulipoanza kumaliza nyumba zetu, alipelekwa kozi ya ushauri nasaha, mwaka 1989. Alifundishwa kusikiliza na kutompa mtu majibu, akaishika njia hiyo kama katekisimu. Ndiyo iliyomponza. Mwaka 1991 alimpokea Sayi, mvuvi wa visiwa vya Muleba, aliyefiwa na mkewe Shilogile. Kila wiki alimuuliza, "Unajisikiaje?" Sayi akajibu, "Salama, mama." Wiki ya tano hakuja. Habari zikafika kwamba amekatakata nyavu zake na anasema haoni sababu ya kuishi.

Clotilda alijilaumu sana. Alipanda mtumbwi, naye maji aliyaogopa tangu utotoni, akamkuta, akaketi kushona nyavu pamoja naye. Siku mbili walishona tu. Siku ya tatu Sayi alitaja jina la mkewe, akalia.

Tangu hapo, kila aliyekuja kwake aliulizwa kwanza: "Wewe ukipatwa na msiba, mikono yako hufanya nini?" Jibu ndilo lililochagua njia. Wapo aliowasikiliza tu. Wapo aliosali nao rozari. Mjane mmoja alimwekea kiti kitupu, amgombeze marehemu mumewe kana kwamba ameketi hapo, hadi aishiwe maneno. Mwingine, aliyejifungia ndani, alimpa kazi ya wiki: Jumatatu atoke hadi uani, Jumanne hadi dukani. Wenzake walimcheka kwamba anachanganya dawa. Alijibu, "Kiatu kimoja hakivaliwi na kijiji kizima."

Mwaka jana alipatwa na saratani ya koo, na kufikia Januari sauti ilikwisha. Sisi ndugu tulimjaa kitandani na maneno mengi ya faraja. Akageukia ukutani. Ndipo Sayi alipokuja, akamuuliza lile swali. Clotilda alinyoosha kidole kwenye kisu cha ndizi. Mikono yake haikuwa tena na nguvu za kumenya, basi Sayi akamenya yeye, ingawa kwetu mwanaume hamenyi ndizi. Dada Clotilda aliandika kwenye daftari, kwa heshima ya Kihaya: "Waitu Sayi, hizo ni ndizi au viazi?" Akacheka bila sauti. Sayi alimenya kando ya kitanda kile kila siku, hadi dada alipofariki, Jumapili tarehe 23 Agosti 1998.

Ameacha watoto wawili, Ildefons na Klaudia, wajukuu watano, na mdogo wake Skolastika, aliyeandika wasifu huu. Ameacha pia Sayi, ambaye tangu asubuhi yuko nyuma ya nyumba na kisu. Ndizi tutakazokula baada ya mazishi amezimenya yeye, na zimemenywa vibaya. Tule zote.

Nawe, dada, pumzika kwa amani. Mikono yetu imejua la kufanya.