Mshale Umeshuka

Advera hakuwa na shida na habari za injini. Binti yake Recheli alikuwa amemwegemea begani, uchungu umemshika tangu alfajiri, na kutoka Kwihara hadi hospitali ya Kitete safari ilikuwa bado. Lakini kwenye viti vya mbele vya gari lao, Noah ya abiria, wanaume wawili walibishana, na masikio hayana pazia.

"Mshale wa joto umepanda, kijana," alisema mzee Benjamini, fundi mstaafu wa matrekta, abiria kama wao.

"Geji mbovu hiyo, mzee wangu," alijibu dereva Marwan. "Jana mshale ulilala chini kutwa."

"Themostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto, uliitoa?"

"Fundi aliitoa. Alisema nchi yetu ya joto, ya nini?"

"Ndiyo maana jana ulilala, injini haikupata moto. Leo unapanda kwa kuwa maji yanavuja. Simama tutazame."

"Nisimame porini na mjamzito?"

Nusu ya moyo wa Advera ilisema simama, nusu twende. Akamfuta binti yake jasho. Hakuna aliyemwuliza, naye ndiye mwenye haraka kuliko wote.

"Basi ukiona mshale umeporomoka ghafla," mzee alionya, "ujue maji yamekwisha, kipimo kimebaki hewani, si kwamba injini imepoa."

Marwan akaguna tu. Walipofika kwenye mwinuko, akapiga usukani kwa furaha. "Tazama, mzee! Umeshuka wenyewe! Sikukwambia?"

Advera alimwona mzee akishika kitasa cha mlango, gari bado linakwenda. Kisha injini ikakwaruza, ikanyamaza, gari likasimama.

Recheli akafumbua macho. "Mama, tumefika?"