Uzi Niliompimia Mdogo Wangu

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Itikieni kwa nguvu. Mnanijua, mimi ni Mama Jeni wa vitambaa, yule anayewapima sare za kwaya. Msichokijua ni kwamba mwaka mzima niliimba nanyi Jumapili, na Jumamosi mchana nikaenda kwenye Wika.

Najua mnangoja niseme tulikunywa damu. Hatukunywa! Wika ni dini ya uchawi wa Kizungu, wenyewe wanajiita wachawi bila haya. Kiongozi wao hapa Guangzhou ni mama wa Kiingereza, mteja wangu pale soko la vitambaa la Zhongda, mpole kuliko wengi wetu humu. Mume wangu alikuwa ameniacha kwa ujumbe wa simu. Nyinyi mliniambia niombe, yeye akanipikia supu. Siwalaumu, nasema ilivyokuwa.

Kule hujiingizi mwenyewe. Anayekupokea naye alipokelewa na mwingine, na kuna ngazi tatu za kupanda. Unafungwa kitambaa machoni, unasimamishwa ndani ya duara, unaapa kutunza siri. Kitabu chao unakinakili kwa mkono wako. Halafu unapimwa kwa uzi, urefu, kichwa, kifua na nyonga, kila kipimo kinapigwa fundo. Uzi huo wanabaki nao wao, uwe dhamana ya kiapo chako. Niliambiwa ni mambo ya tangu kale na kale. Baadaye nikasoma kwamba Waingereza waliyaunganisha karne iliyopita tu, babu yangu akiwa tayari ana wajukuu! Nikacheka, nikaendelea.

Laiti yangeishia kwangu! Mdogo wangu Tumaini alikuwa akisomea udaktari hapa hapa Guangzhou, kwa ufadhili. Alikuwa mpweke, nikampeleka. Siku ya kupokelewa kwake yule mama akasema, "Wewe ndiye mwenye mkono wa kupima." Nikampima mdogo wangu wa tumbo moja kwa uzi mwekundu nilioununua mwenyewe, nikafunga mafundo, tena nikaona fahari. Ole wangu!

Haikupita miezi miwili, Tumaini akataka kutoka, akaogopa. Uzi wake uko kwao, akaamini kwamba akifungua mdomo atadhurika. Hali, halali, darasani haendi. Akaniuliza, "Dada, nikimwambia mchungaji, nitakufa?" Ndugu zangu, neno moja tu, "Hapana," lingetosha. Mimi nikamjibu, "Tuliapa. Nyamaza." Niliogopa aibu yangu mbele yenu, hakuna kingine.

Akafeli mitihani, ufadhili ukakatwa. Alipoileta ile barua chumbani kwangu mtaa wa Xiaobei, nilianguka sakafuni nikamlilia Yesu. Nikampigia mke wa mchungaji, nikamwaga yote. Tukaenda sote watatu kwa yule Mwingereza kuudai uzi. Akautoa kabatini, akamwekea Tumaini mkononi. "Pole, binti," akasema. "Ungeniomba siku yoyote ningekupa."

Siku yoyote! Tuliomba pale pale kwenye ngazi za jengo, na hofu ikamtoka Tumaini. Jioni ile alikula ugali akamaliza sahani. Bwana alimfungua, jina lake litukuzwe! Nami sijarudi tena kule.

Lakini chuo hakikumrudisha. Nilimsindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun arudi kwetu Mbeya, na kabla hajaingia ndani akaniambia, "Dada, nimekusamehe. Ila usinipigie kwanza." Mpaka leo simu yake naisubiri.

Namshukuru Mungu aliyenitoa, namshukuru huku nalia. Wewe uliyekaa hapo na siri yako, na kuna mtu anaumia kwa kuwa umenyamaza, njoo mbele leo. Mwamini Yesu, hatakufukuza. Aibu inapita, mimi hapa bado nimesimama.

Na kama kuna anayesafiri kwenda Mbeya wiki hii, nakuomba, mtafute Tumaini. Mwambie dada yake amesimama mbele ya watu wote, akasema ni yeye aliyemnyamazisha.