Povu la Mgunga wa Chemchem

Kijiwe cha Chemchem kilikuwa gogo moja, dele moja la kahawa na mgunga unaolia. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, kiangazi kikali, visima vinatoa tope. Lakini mti ule wa kando ya njia ya zamani ya wapagazi ulidondosha maji yenye povu mchana kutwa. Ijumaa iliyopita wazee wanaokaa kwenye gogo walitoa fatwa kwamba yale maji ni dawa. Raymundi, waliyemwita Bwana Cheti kwa sababu alikuwa na cheti cha shule na hakuwa na kazi, aliisikia akacheka kimoyomoyo. Kufundisha watu bure alishachoka.

Leo wakaanza tena.

— Machozi ya wapagazi hayo, alisema Mfaume, ambaye babu yake alibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Walizikwa hapahapa, wima, na mizigo begani.

— Wima? Kaburi hilo au choo? Abbasi, fundi cherehani waliyempachika ukadhi, akabetua mdomo. Wallahi, chini hapa pana mto. Mjerumani aliufunika asije Mwingereza akaunywa.

— Mto gani una povu? Mfaume akauliza.

— Aliutia sabuni.

Ngollo, muuza kahawa, hakucheka.

— Mti unawalilia watu waliohamishwa kutoka porini kwa sababu ya mbung'o wa malale. Ukinyamaza, mji huu nao utahama.

Raymundi uvumilivu ukamwisha.

— Nonsense!

Akapanda juu ya gogo, akavunja kitawi, akafuta povu kwa kidole. Ndani yake vilijikunja vidudu vichanga, laini, vyeupe.

— Tunutu hawa, watoto wa wadudu. Wananyonya maji ya mti, wanayatoa kwa nyuma, wanayavuruga mpaka yawe povu, wanajificha humo. Siafu hawawagusi, jua haliwakaushi. Hawana mbio wala meno. Ngao yao ni uchafu wao. Full stop! Mnabariki mkojo wa wadudu, wazee wangu!

Wakacheka mpaka vikombe vikamwagika. Kisha vicheko vikakatika, kimoja kimoja.

Mwamvita alikuwa amesimama nyuma yao, bakuli mkononi, mtoto mgongoni. Alikuja kukinga yale maji, kama kila asubuhi tangu Ijumaa.

— Shikamooni.

Akalitazama povu kwenye kidole cha Raymundi.

— Ndiyo haya ninayomnywesha mwanangu mwenye homa?

— Binti yangu, Abbasi alisema, sisi tulikuwa tunazungumza tu.

— Mlisema sindano ya hospitali itaondoa baraka ya maji haya.

Mfaume akaitazama njia. Mwamvita akamgeukia Raymundi.

— Kaka, wewe umesoma. Umelijua leo hili, au ulilijua tangu Ijumaa?

Raymundi akakificha kitawi nyuma yake. Tone likamdondokea shingoni, baridi. Hakulifuta.

Ngollo akainamisha dele; likatoa mashapo.

Mwamvita akaliweka bakuli juu ya gogo, akakaza kanga, akakimbia kuelekea hospitali. Kila hatua kichwa cha mtoto kiligonga mgongo wake, na mtoto hakulia.