Mzee Melkior Kavishe na Chumba cha Giza cha Tarakea

Mzee Melkior Denis Kavishe alizaliwa Tarakea, Rombo, tarehe 6 Januari 1949, sikukuu ya Mamajusi. Padre aliyembatiza hakuhangaika kutafuta jina: alimpa la mmoja wao. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu mzee Denis na mama Magdalena, wakulima wa kahawa na ndizi.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1964. Kisha alishuka Moshi kujifunza upigaji picha kwa marehemu Mzee Rajabu wa Njoro, mtaa wa mjini humo. Kwa mwaka mzima Mzee Rajabu hakumpa kamera. Alimweka katika chumba cha giza kusafisha picha, akamfundisha sheria moja: mlango haufunguliwi mpaka aliye ndani aseme. Mwaka 1971 Melkior alifungua studio yake hapo hapo Njoro. Nyumba nyingi za Moshi na Rombo zina picha ya ndoa au ya komunyo yenye mhuri wake nyuma.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na Mwalimu Theodora, aliyefika studio kupiga picha ya kitambulisho. Melkior alimrudisha mara mbili akidai picha imeungua. Mara ya tatu Mwalimu alisema, "Fundi, kama kamera ni mbovu, sema." Akajibiwa, "Kamera ni nzima, Mwalimu. Mwenye kamera ndiye hajiwezi." Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1996, kwenye mnada mjini Moshi, liliuzwa tela kuukuu la jeshi. Halikuwa na dirisha. Ndani lilikuwa na beseni la bati refu kama kitanda, tundu la maji sakafuni, na harufu kali ya dawa. Wanunuzi walicheka kwamba ni la kuoshea maiti wa vitani, wakarudi nyuma. Melkior aliingia. Aliona milango miwili iliyofuatana, na kati yake nafasi ya mtu mmoja kusimama, ili mwanga usipenye hata mtu akiingia. Aliona kuta nyeusi, mahali pa taa nyekundu, na madoa ya trei tatu kwenye bati. Alipotoka alisema, "Hiki ni chumba cha giza. Jeshi lilikuwa likikivuta popote liendapo, likisafisha picha huko huko." Alilinunua kwa fedha yake halali, akalivuta kwa trekta hadi nyumbani Tarakea, ili wafanyabiashara wa mpakani wapate picha za paspoti siku hiyo hiyo.

Lakini binamu yake, Ildefonce, alikuwepo mnadani, na alirudi kijijini na maneno yale ya gari la maiti. Watu wakaacha kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa Melkior.

Mwaka 1998 wazee wa ukoo wa kijana Shedrack walikuja na mitungi ya mbege kumposa binti mkubwa, Evelyn. Walipoliona tela kwenye migomba, walisimama langoni.

"Mtusamehe, baba Evelyn," alisema baba yake Shedrack. "Mbege ya uchumba hainywewi penye gari la maiti."

Melkior hakupandisha sauti. Aliwapiga picha pale pale langoni, mitungi na yote, pamoja na Ildefonce aliyesimama nao, kisha akamgeukia binamu huyo. "Ildefonce, utaingia na mimi. Ukitoka maiti, wakwe waende zao."

Aliwasha jenereta, akasafisha filamu. Wazee walisubiri nje ikauke, na hakuna aliyegusa mtungi. Kisha akamwingiza Ildefonce na kufunga mlango wa kwanza, halafu wa pili. Walio nje walisikia kila neno.

"Melkior, fungua, sioni!"

"Usiguse mlango! Ukiingiza mwanga sasa utajifuta mwenyewe. Tazama kwenye trei."

Dawa ilisikika ikitikiswa kwenye trei. Halafu: "Mama yangu! Huyu si mimi?"

"Ni wewe. Na mdomo wako wazi kama kawaida."

Baba yake Shedrack ndiye aliyecheka wa kwanza, na ndiye aliyeinua mtungi wa kwanza kuuingiza ndani ya boma. Juma lililofuata Ildefonce alikuja na jani la isale na mbuzi, akaomba msamaha kama desturi yetu inavyotaka. Melkior alilipokea jani mbele ya wazee, na jambo hilo halikutajwa tena nyumbani kwake.

Mwaka 2019 alianza kusumbuliwa na kisukari, kisha figo. Aliuguzwa kwa uvumilivu mkubwa, na alifariki katika hospitali mjini Moshi alfajiri ya tarehe 11 Juni 2025. Siku chache kabla alimwambia mkewe, "Watakaokuja kunizika watalikuta tela pale. Wengine ni wageni. Usiwaache waulizane pembeni."

Ndiyo sababu jambo hili limesemwa leo, kwa idhini ya Mzee Ildefonce, aliyeketi mbele na familia.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Theodora, watoto Evelyn, Denis na Loveness, mkwe wake Shedrack, wajukuu saba, na dada yake Mektrida.

Picha iliyo mbele ya jeneza alijichapia mwenyewe katika tela hilo. Baada ya mazishi, mbege itagawiwa hapo hapo ubavuni mwa tela. Milango yote miwili iko wazi. Karibuni mwingie.

Pumzika kwa amani, Melkior. Kazi yako imeonekana.