Duka la Mtu Tunayemjua

Baraza ya nyumba yetu, hapa Kiponda, ni yetu kwenye hati tu. Tangu watu wanapotoka msikitini alasiri mpaka inapokaribia magharibi, inakuwa ya wanaume watatu na ya Mzee Ubwa, muuza kahawa, anayeweka seredani yake ya makaa na dele la kahawa hatua mbili kutoka mlangoni kwetu. Wa kwanza katika hao watatu ni Himid, anaitwa Dubai. Alikaa Dubai muda wa saa tisa, uwanja wa ndege, akisubiri ndege ya kwenda Jidda kufanya Umra, na tangu siku hiyo hakuna kitu cha Dubai asichokijua. Wa pili ni Tamim, anaitwa Bisibisi, kwa sababu hapiti karibu na chombo cha umeme bila kukifungua. Kukifunga ni kazi ya mtu mwengine. Wa tatu ni Hisham, anaitwa Hakimu. Alifanya kazi mahakamani miaka thalathini, akifungua na kufunga mlango. Mimi hukaa kizingitini na sinia ya kashata. Kashata ndizo zinazonipa ruhusa ya kukaa pale na kusikiliza.

Jumatatu ile nilikosea, nikauliza swali.

— Ami Himid, hapa mjini duka gani la kuaminika nikanunue kamera ya dijitali?

Nilikuwa na sababu. Tangu nilipoacha shule, namsaidia Bi Salhiya kupamba mabibi harusi, mimi napaka hina. Kwenye sherehe za wanawake, simu zote zinakusanywa mlangoni na kutiwa kikapuni, kwa sababu hakuna bibi harusi anayetaka nywele zake zitembee mtandaoni. Mpiga picha mwanamme haingii. Basi bibi harusi anasingwa, anapambwa, anang'ara kuliko siku zote za maisha yake, na asubuhi yake hana hata picha moja. Bi Rawiya wa Bububu aliniambia nikipata kamera ambayo si simu, niende Alkhamisi nikampigie picha mwanawe anayeolewa, na akiridhika atanitaja kwa jamaa zake wote. Pesa ninayo, ya miaka miwili ya hina na kashata. Inatosha kamera moja. Haitoshi kamera mbili.

Dubai aliweka kikombe chini kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

— Hapa hapana duka, mwanangu. Kamera hununuliwa Dubai.

— Zile za uwanja wa ndege? aliuliza Bisibisi.

— Hizo hizo. Kuna duka pale, ukilitia Forodhani nzima linabaki na nafasi. Sasa nisikilize, Ummy. Kamera ya kweli unaijua kwa harufu. Ukifunua boksi inakupiga harufu ya upya, kama gari la mkubwa. Ya bandia inanuka gundi.

— Wewe ulinusa ngapi?

— Nyingi.

— Zilikuwa nyuma ya kioo, Himid. Ulituhadithia mwenyewe.

— Kioo cha kule chembamba.

Mzee Ubwa alimmiminia kahawa. Mzee Ubwa hasemi sana. Anasema mtu akizungumza mdomo wake haunywi.

— Lakini kama lazima ununue hapa, Dubai aliendelea, nenda kwa Munir, yule wa nyuma ya soko. Munir namjua. Baba yake na baba yangu walitiwa jandoni siku moja.

— Munir ndiye aliyekuuzia pasi, alisema Bisibisi.

— Pasi nzuri ile.

— Inapasi?

— Inapata moto.

— Upande mmoja. Kanzu yako ya Ijumaa bega la kulia limenyooka, la kushoto limekunjana kama uso wa Mzee Ubwa.

Mzee Ubwa alijipapasa uso, akarudi kwenye makaa yake.

— Mambo ya harufu ni ya wauza manukato, alisema Bisibisi. Kamera ni uzito. Za bandia hazina kitu ndani, unanunua ganda. Mie nimezifungua.

— Ulifungua ya nani?

— Ya shemegi yangu.

— Inafanya kazi?

— Ilikuwa inafanya. Sikiliza, Ummy. Unakwenda dukani, unaichukua kamera, unaipeleka kwenye mizani ya muuza pweza. Ikifika nusu kilo, lipa. Isipofika, rejesha kabatini, toka.

— Muuza pweza na duka la kamera hawako pamoja, ami, nilisema.

— Ndiyo maana watu wanatapeliwa. Lakini kwa Nadir huhitaji mizani. Nadir namjua, tulicheza mpira timu moja. Mie nilikuwa golikipa.

— Tunakumbuka, alisema Hakimu. Mlifungwa saba.

— Radio yangu nilinunua kwa Nadir.

— Radio inayoshika Msumbiji peke yake, alisema Dubai. Mkeo siku hizi anajua bei ya korosho kwa Kireno, taarifa ya msiba wa jirani haipati.

Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama kusikiliza, wakanunua kashata nne, wakaondoka wakicheka. Hakimu alingoja wafike mbali. Yeye hasemi mpaka kuwe kimya, na kimya kisipokuja anakohoa.

— Nyinyi mnaangalia chombo, alisema. Mie namwangalia muuzaji. Muuza duka mwaminifu hacheki. Ukiingia na akakuchekea, toka. Akikuuliza habari za nyumbani, toka mbio. Khelef, yule wa mtaa wa juu, nnamjua miaka arubaini na sijapata kuyaona meno yake.

— Kwa sababu hana, alisema Dubai.

— Mwenye duka asiye na meno hawezi kusema uongo, unamtoka vibaya. Nilikaa mahakamani miaka thalathini.

— Mlangoni.

— Mlangoni ndipo wanapopita wote, waongo na wakweli. Feni yangu nilinunua kwa Khelef.

— Ile ambayo lazima uisukume kwa kidole ndiyo izunguke? aliuliza Bisibisi.

— Za kisasa zote zinaanza hivyo.

Mimi nilikuwa na karatasi. Nilikuwa nimeandika mambo niliyoyasoma na niliyoyasikia kwa watu: risiti, garantii ya mwaka mmoja, kuiwasha dukani kabla ya kulipa, kupiga picha moja ndani na moja uwani. Nikaona bora niyasome kabla mambo hayajafika mbali, lakini yalikuwa yashafika.

— Tatizo la hizi za bandia, alisema Dubai, zinatengenezwa kwa watu wa nchi za baridi. Ukimpiga picha mtu wa huku, anatoka kavaa koti.

— Koti si neno, alisema Bisibisi. Mtalii mmoja kule Kendwa alipiga bahari, picha ikatoka mlima una theluji. Akaenda kuishitaki hoteli, anasema kaletwa pahala sipo.

— Yote hayo madogo, alisema Hakimu. Kuna kamera zinauzwa kuwa mpya, kumbe zina watu ndani. Bwana mmoja wa Uroa alinunua, kuiwasha akakuta bibi harusi wa Kichina. Akamfuta. Kampiga mkewe, Mchina yuko pembeni. Kampiga ng'ombe, Mchina kashika kamba. Yule mke mpaka leo hasemi na mumewe.

— Na ng'ombe? aliuliza Bisibisi.

— Ng'ombe wameuza.

— Mie ninayoijua mbaya zaidi, alisema Dubai, na akashusha sauti, ingawa tulikuwa sisi tu. Kamera zote za siku hizi zina jicho la pili ndani. Kila unachopiga, picha inakwenda kwa aliyekuuzia. Anakaa dukani na kahawa yake, anatazama. Ndiyo maana, Ummy, lazima ununue kwa mtu tunayemjua.

— Kwa hiyo Munir atawaona mabibi harusi wangu, ami? niliuliza.

— Munir akiwaona si neno. Munir mtu wa heshima.

— Kichwa wazi, na hina mpaka magotini?

— Anasali safu ya kwanza, mwanangu.

Hapo hata Hakimu alikitazama kikombe chake. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikafungua karatasi.

— Mimi nataka duka litakalonipa risiti.

Dubai alinitazama kama nimemtukana mzee wake.

— Nimwombe Munir risiti? Mtu nnayemjua? Ataniona vipi? Atasema Himid hana imani na mie.

— Na garantii ya mwaka.

— Garantii wanapewa watalii, alisema Bisibisi. Wewe garantii yako ni mie. Nikimwambia Nadir huyu mtoto wa nyumbani, yatosha.

— Na niiwashe pale pale nione kama inafanya kazi.

— Mbele yake? Hakimu aliweka kikombe chini. Ulifungue boksi la mtu mbele yake, unachungulia kama askari wa forodha? Muhali huo, Ummy. Kitu ukinunua kwa mtu mnayejuana, unakipokea kimefungwa, unasema ahsante, unakwenda kukifungua kwako.

— Na nikifungua kwangu nikikuta feni ya kusukuma kwa kidole?

Bisibisi alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye shuka yake. Hakimu hakucheka.

— Wewe shule uliishia wapi?

— Kidato cha pili, ami.

— Basi. Mambo ya mkataba yanaanza cha tatu.

Sikujua hilo, na sidhani kama ni kweli, lakini yeye alikuwa anaongea kwa sauti ile ya mahakamani, na wengine wawili wakaanza kuchukua upande wake. Wakasema mtoto wa kike haingii duka la kamera peke yake, atauziwa boksi lina mche wa sabuni. Wakasema mkono wa mwanamme unapata bei nyengine. Kisha wakageukiana wao kwa wao, kwa sababu kila mmoja alitaka mkono huo uwe wake. Dubai alisema Munir atavunjika moyo akisikia kamera imenunuliwa kwengine. Bisibisi akasema Nadir ndiye atakayenuna. Walikuwa wanagombana juu ya nani asiudhike, na miongoni mwa waliotajwa mimi sikuwemo.

Mwisho Hakimu alimaliza kahawa yake.

— Lete hiyo pesa, mwanangu. Nikitoka hapa nnapitia kwa Khelef. Kesho alasiri kamera utaikuta hapa hapa barazani.

Akanyoosha mkono.

Ni rahisi kusema ningemkatalia. Ami Hisham alishika jeneza la baba yangu mpaka makaburini. Ami Himid na ami Tamim walileta mchele siku ya tatu na ya saba. Kila siku wananunua kashata zangu hata zikiwa zimevunjika. Nilikuwa nayajua yote yaliyoandikwa kwenye karatasi yangu, na bado nikaona muhali kumkatalia. Nilitia mkono mkobani. Nilizishika pesa. Nilizitoa.

— Asalaam aleykum.

Alikuwa Bi Rawiya, amekata kona kutoka upande wa soko, na mfuko wa vitambaa vya harusi begani. Tulimwitikia sote pamoja.

— Shikamoo, Bi Rawiya, nilisema.

— Marahaba. Nimekuja kukuuliza juu ya Alkhamisi. Kamera ushaipata?

— Anaipata sasa hivi, alisema Hakimu, na mkono wake bado uko hewani. Tunamchukulia sisi kwa mtu tunayemjua.

— Mzee wa Munir na mzee wangu... alianza Dubai.

— Mie bora Nadir, alisema Bisibisi. Lakini wote watatu ni watu wetu.

Bi Rawiya aliuteremsha mfuko begani. Aliwatazama mmoja mmoja, si kwa ubaya, kama mtu anayechagua wa kumpa mfuko amsaidie kubeba.

— Vizuri. Na ikija mbovu, nani katika nyinyi atakayekwenda kuirejesha?

Dubai alimtazama Bisibisi. Bisibisi alikuwa anakamua kahawa kwenye shuka yake, kazi ambayo ghafla ilikuwa kubwa. Mkono wa Hakimu ulikaa hewani kidogo, kisha ukashuka taratibu ukaokota kikombe kitupu.

— Mzee Ubwa, alisema, kahawa imekwisha?

Mzee Ubwa alilitikisa dele.

— Tele.

Hakuna aliyesogeza kikombe. Nilizirejesha pesa mkobani, nikaifunga zipu. Nilimwomba ami Hisham radhi, naye akasema hapana neno, hapana neno, bila ya kuinua macho. Nikampa mama sinia ya kashata dirishani, nikajitanda vizuri, nikavaa viatu, nikafuatana na Bi Rawiya.

— Mnakwenda kwa nani? aliuliza Dubai, tulipokuwa tushafika konani.

— Hatumjui, ami, nilimjibu.