Kifaa cha Mama Maige Kinasoma Sufuri

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Shinyanga. Nasibu anauza kahawa, sisi tunagawa maoni bure, na ndiyo maana hayana thamani. Jumatano asubuhi Maige alifika ameshika simu, uso umemshuka. Tunamwita Duara kwa sababu ujana wake aliumalizia Geita kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Mama yake anaishi peke yake Didia, na Jumapili Duara alimfungia sebuleni kifaa kinachohisi mtu akipita, kisha kinamletea mwanawe taarifa kwenye simu.

Duara: Jumapili kiliona watu arobaini, majirani walikuja kukishangaa. Toka Jumatatu ni sufuri. Na simu yake haipatikani. Naogopa, jamani.

Donatus fundi redio, tunayemwita Mhandisi, akasogeza kikombe.

Mhandisi: Betri hiyo.

Duara: Betri imejaa.

Mhandisi: Basi kimemzoea. Kitu kikikuzoea hakikuoni tena. Mimi mke wangu mwaka wa nane huu hanioni.

Mzee Sabiti, ambaye ni Spika wetu, akakohoa.

Spika: Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama kagundua anachunguzwa, sasa anatambaa kisimwone.

Duara: Miaka sabini na sita, siku tatu, anatambaa?

Spika: Wasukuma mna nguvu.

Mhandisi: Au chini ya nyumba kuna mwamba wenye mali. Dhahabu inameza mawimbi. Geita umechimba miaka yote hiyo, kumbe mali umeiacha kwenu.

Nilimwona Duara akiupigia mwamba hesabu, na kwa kweli nilichukia. Bahati nzuri akashtuka, akasimama.

Duara: Naenda Didia.

Spika: Keti. Mchumia juani hulia kivulini.

Duara: Hiyo inahusu nini?

Spika: Inahusu.

Hapo akapita mama mmoja na beseni la michembe, vile viazi vya kukausha, akatusalimu Kisukuma.

Mama: Mwangaluka.

Duara: Mwangaluka, mama. Wewe si Mama Asteria wa Didia? Mama yangu umemwona?

Mama Asteria: Nimemwacha anafagia uwanja. Mzima kabisa, simu tu haina chaji.

Duara akaketi kama gunia. Mhandisi akadai alijua tangu mwanzo. Tukamweleza mama habari ya kifaa, akatusikiliza mpaka mwisho, akashusha beseni.

Mama Asteria: Mmekifunga nyumba ipi?

Duara: Ile ya bati niliyomjengea.

Mama Asteria: Ile ya wageni? Si ameifunga kufuli, makochi yasiingie vumbi? Baba, kwani mama yako analala wapi?

Duara alimtazama Mhandisi, Mhandisi akamtazama Spika, na Spika akamwagiza Nasibu kahawa nyingine. Nyumba ile Duara aliijenga kwa miaka mitano. Nilimwonea huruma, kumbe mama yake hajahamia humo.