Mzee Gordon Ooko wa Mifereji ya Ahero

Marehemu Mzee Gordon Ooko alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 katika nyanda za Kano, karibu na Ahero, akiwa kitinda mimba. Kaka yake wa pekee, Mzee Ondiek, yuko nasi leo. Ndiye aliyetuthibitishia tarehe hiyo, maana marehemu mwenyewe alipenda kujipunguzia mwaka mmoja au miwili.

Alisoma shule ya msingi kijijini na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Alipita vizuri, lakini baba yake alifariki mwaka huohuo na masomo yakaishia hapo. Hakulalamika. Ila alihakikisha watoto wake wote wanne wamemaliza kidato cha nne, na wa kwanza wetu kuleta ripoti mbaya alipalilia mpunga likizo nzima, matope mpaka magotini. Mimi Jacinta, binti yake, ninayesoma wasifu huu, sitamtaja kaka yangu Griffin kwa sababu ameketi hapo mbele na suti yake nzuri.

Mwaka 1976 Mzee aliajiriwa kwenye mradi wa mpunga wa Ahero kusimamia maji. Alifungua na kufunga milango ya mifereji ili kila shamba lipate zamu yake. Kazi hiyo ina maneno mengi, kwa kuwa kila mkulima huamini kwamba jirani ndiye aliyependelewa. Aliifanya hadi kustaafu mwaka 2010, na tunasema kwa fahari kwamba hakuna mtu aliyewahi kuja kwetu kudai ameonewa. Aliyelalamika ni Mama peke yake. Shamba lake lilikuwa mwisho wa mfereji, na mumewe alimpa maji mwisho kama wenzake wa huko.

Mama yetu, Dorca, ni wa Usenge. Marehemu alimwona mwaka 1980 alipoenda ufuoni kununua omena, akamkuta akianika. Wiki iliyofuata akarudi kununua tena, na tena, mpaka watu wa nyumbani kwao wakachoka kula omena wakamwambia aoe tu. Walioana mwaka 1981 na kubariki ndoa kanisani Ahero mwaka 1986. Kila jioni alinawa miguu mlangoni, akamuuliza Mama siku yake imekwendaje, ndipo akaulizia chakula. Sisi mabinti tulikua tukidhani waume wote wako hivyo. Tulikuja kujua baadaye.

Mwaka 2023 madaktari waligundua kuwa ana saratani ya tezi dume. Alikuwa bado kwenye matibabu mafuriko ya mwaka 2024 yalipoingia nyumbani Kano na kuangusha ukuta wa jikoni. Mama alilala kwenye darasa la shule pamoja na majirani kwa wiki kadhaa, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Jambo hilo lilimuuma Mzee kuliko ugonjwa. Sisi watoto tukanunua kiwanja hapa Kisian, juu ambako maji hayafiki.

Lakini kiwanja si nyumbani. Kwa desturi yetu Wajaluo, dala mpya, yaani boma la familia, huanzishwa na mwanamume mwenyewe, akiwa na mkewe na mwanawe wa kwanza aliyebeba shoka na jogoo. Nyumba husimama siku hiyohiyo, na mume na mke hulala ndani. Mjane hawezi kuianzisha. Mzee angefariki kabla ya kulala Kisian, angezikwa Kano, na Mama angebaki kule kwenye maji maisha yake yote.

Mwezi wa Agosti mwaka huu wa 2025 alikuwa amelazwa hospitalini Kisumu, hawezi kusimama bila kushikwa. Daktari alimsihi asisafiri. Mzee akamjibu kwa upole, “Daktari, mimi siendi kutembea. Naenda kujengea bibi yangu. Nikimaliza nitarudi unidunge vile unataka.”

Jumamosi, tarehe 9 Agosti, tulimleta. Mzee Ondiek alitangulia kama mkubwa, Griffin akafuata na shoka, Mama akabeba moto kwenye jiko kutoka Kano. Hapo ndipo Griffin, mhasibu wa Nairobi, alipomtoa jogoo wake kwenye katoni: mweupe, mnene, wa kufugwa kwenye banda, hajawahi kuwika tangu azaliwe.

Mzee akamtazama jogoo huyo. “Griffin, huyu ni wa kuwika ama ni wa kukaanga?”

Tulicheka, lakini jua lilikuwa linapanda na bila jogoo wa kuwika kazi haianzi. Jirani yetu mpya, Bwana Wechuli, mtu wa Bungoma, alisikia mzozo huo ng'ambo ya ua, akaja na jogoo wake mwekundu kwapani. “Mzee, chukua huyu. Hata sisi kwetu tunajua mambo ya boma,” akasema, na akakataa kulipwa. Mzee alishika nguzo ya kwanza kwa mikono yake, Griffin akiwa amemshika kiunoni. Kabla ya magharibi mabati yalikuwa juu na mlango umefungwa bawaba.

Asubuhi yake Mzee alikunywa uji mlangoni na kumwambia Mama, “Dorca, sasa uko kwako.” Siku hiyohiyo akarudi hospitalini kama alivyoahidi, na huko akafariki Jumatano, tarehe 3 Septemba 2025, mkewe akiwa kando yake.

Baadhi ya jamaa waliona kwamba usiku mmoja hautoshi kuwa nyumbani, arudishwe Kano alikozaliwa. Mama aliketi, mikono imekunjwa mapajani, akisubiri kuambiwa ataishi wapi. Mzee Ondiek aliwasikiliza wote, akatoka nje, akasimama upande wa kulia wa nyumba, anakozikwa mwenye dala. “Ndugu yangu alilala hapa na mke wake,” akasema. “Chimbeni.”

Marehemu amemwacha mjane wake Dorca. Kaka yake Mzee Ondiek. Watoto wake Griffin, Jacinta, Lornah na Celestine. Wakwe na wajukuu. Na wakulima wa mpunga waliokuja leo kutoka Ahero, miguu yao ikiwa bado na tope.

Pumzika kwa amani, Baba. Mama yuko pakavu.